Meya Akiondoka, Basi Linabaki na Nani?

Ilani za wagombea umeya huwa naanza kuzisoma katikati. Naruka picha, naruka salamu, naruka ahadi za ajira, naenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa usafiri. Sina gari na sijawahi kuwa nalo, kwa hiyo nina upande, msinidhanie hakimu. Ila sababu si hiyo peke yake. Kwenye afya au elimu mgombea anaweza kumwaga maneno mapana na asibanwe na mtu. Kwenye usafiri inambidi ataje kitu chenye jina: njia fulani, nauli fulani, reli itakayopita mahali fulani. Akishakitaja, tunaweza kumuuliza swali dogo linalowakera wagombea wengi: hicho unachoahidi, ni chako?

Mara nyingi si chake.

Tuanze na New York, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa sana siku hizi. Zohran Mamdani alishinda umeya Novemba 2025 kwa kampeni iliyobebwa, pamoja na mengine, na ahadi ya mabasi ya haraka na ya bure. Ahadi tamu, na naiombea heri. Tatizo ni kwamba mabasi ya New York hayaendeshwi na jiji. Yako chini ya MTA, mamlaka ya jimbo, ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na gavana. Kwenye bodi, meya anapendekeza wajumbe wanne tu. Akitaka kufuta nauli inamlazimu aende Albany, yaliko makao ya jimbo, akabishe hodi na kueleza nani ataziba pengo. Michael Bloomberg, bilionea na meya aliyezoea kusikilizwa, alitoka mwaka 2007 na pendekezo la kutoza magari yanayoingia katikati ya Manhattan. Likafia Albany Aprili 2008, bila hata kupigiwa kura na baraza la wawakilishi la jimbo. Tozo ikaja kuanza Januari 2025, na aliyeisimamisha miezi michache kabla, kisha akairuhusu kwa kiwango kilichopunguzwa, alikuwa gavana. Kalamu haikuwa mkononi mwa meya.

Ukiishia hapo utasema meya wa New York ni pambo. Lakini angalia chini, kwenye lami. Barabara ni za jiji. Oktoba 2019, Bill de Blasio akiwa meya, Mtaa wa 14 ulifungwa kwa magari binafsi yanayopita tu, kwa sehemu kubwa ya siku, ukaachiwa mabasi na malori ya mizigo. Mabasi yakaanza kwenda kasi kiasi kwamba siku za mwanzo madereva walilazimika kupunguza mwendo wasiitangulie ratiba. Mwenye mabasi hakubadilika, mabasi yenyewe hayakubadilika. Baadaye sheria ya jiji ikataka zijengwe maili 150 za njia za mabasi ndani ya miaka mitano kuanzia 2022, na utawala wa Eric Adams ukashindwa kufikia lengo lake mwaka baada ya mwaka. MTA ni ileile. Kilichobadilika ni mtu mwenye ndoo ya rangi ya kuchora barabara, na kama anataka kuichovya brashi au hataki.

Paris nako ni vivyo hivyo. Metro na mabasi vinasimamiwa na Île-de-France Mobilités, mamlaka inayoongozwa na rais wa mkoa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa wa chama kinachopingana na cha meya. Meya hapangi nauli ya metro. Lakini Bertrand Delanoë alipoingia 2001 alianza kuzitenga njia za mabasi kwa kingo za saruji, na Anne Hidalgo akaifunga Rue de Rivoli kwa sehemu kubwa ya magari binafsi mwaka 2020. Kwa hiyo siku hizi ilani yoyote ya umeya naipokea na maswali matatu kabla sijaifurahia: barabara ni ya nani, basi ni la nani, nauli inapangwa na nani. Anayeahidi reli huku mamlaka yake yakiishia kwenye taa za barabarani, namweka pembeni.

London ndiyo kinyume. Tangu umeya wa jiji lile uanzishwe mwaka 2000, meya ndiye anayeiongoza bodi ya Transport for London (TfL), mamlaka ya usafiri ya jiji, na ndiye anayepanga nauli. Huko meya akibadilika unamwona mitaani, tena kwa macho. Ken Livingstone alileta mabasi marefu yenye kiungo katikati mwaka 2002. Boris Johnson akaomba kura 2008 akiahidi kuyaondoa, na Desemba 2011 la mwisho likaondoka. Mahali pake akaleta basi jipya la ghorofa lililobuniwa kwa heshima ya lile la zamani la Routemaster, lenye mlango wa nyuma ulio wazi ili abiria aruke na kushuka anapotaka, na mhudumu wa kusimama pale mlangoni. Lilianza kazi Februari 2012. Yakanunuliwa 1,000. Wahudumu wa mlangoni wakaondolewa 2016 kwa sababu ya gharama, Sadiq Khan akasitisha ununuzi, na miaka michache baadaye ule mlango wa nyuma ukaacha kutumika kwa kupandia. Yaani jambo lenyewe lililofanya basi libuniwe upya likafutika, basi likabaki.

Hiyo ndiyo sehemu inayonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mameya watatu, aina za mabasi zikipishana kama sare za vyama, na abiria kituoni haulizi basi lina viungo vingapi. Anauliza linakuja saa ngapi.

Nauli nayo ni jambo ambalo meya mwenye mamlaka analishika upesi, kwa sababu halihitaji saruji. Khan aligandisha nauli alizozipanga mwenyewe kwa miaka minne tangu 2016, akaongeza na utaratibu wa kubadilisha mabasi ndani ya saa moja kwa nauli moja. Huu wa pili nausifu bila masharti: unamsaidia yule anayeishi mbali, ambaye hana njia moja ya kumfikisha kazini. Ule wa kwanza nina mashaka nao. London hutegemea nauli kuliko majiji mengi makubwa ya Ulaya, na nauli isiyopanda huku gharama zikipanda ni pengo linalokua kimya kimya. Janga la korona lilipokuja 2020 na treni zikawa tupu, TfL ilibidi ipige goti kwa serikali kuu. Fedha zikaja na masharti, na tozo ya msongamano, ile ya magari yanayoingia katikati ya jiji, ikapanda hadi pauni 15 Juni mwaka huohuo. Meya mwenye nguvu kuliko wote niliowataja hapa akajikuta anapangiwa na wizara, na hakuna sheria iliyobadilishwa wala kura iliyopigwa. Fedha ziliisha, basi.

Na mahakama nazo zipo. Livingstone huyohuyo, miaka ya nyuma akiwa kiongozi wa Baraza la Greater London, alipunguza nauli kwa karibu theluthi moja Oktoba 1981. Manispaa moja ya pembezoni, Bromley, ikaenda mahakamani ikilalamika kwamba wakazi wake wanachangishwa kodi kwa ajili ya treni ambayo haiwafikii. Kabla ya mwaka kuisha, majaji wa juu kabisa wakasema punguzo ni kinyume cha sheria, na Machi 1982 nauli zikapanda mara mbili. Ukitaka kujua ahadi ya nauli itadumu au haitadumu, uliza inalipiwa na mfuko gani. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliufanya usafiri wa jiji kuwa bure Januari 2013, baada ya kuwauliza wakazi kwa kura mwaka uliotangulia, lakini ni bure kwa aliyejiandikisha kuwa mkazi wa jiji, na sehemu ya kodi ya mapato ya mkazi aliyeandikishwa huingia kwenye mfuko wa jiji. Watu wakaenda kujiandikisha. Edgar Savisaar, meya aliyeianzisha, alisimamishwa kazi 2015 kwa tuhuma za rushwa. Mabasi yakaendelea kuwa bure.

Hapo sasa nafika kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungukia. Kwa kadiri nilivyofuatilia majiji haya, meya mpya huua kilicho kwenye karatasi. Kilichokwisha kubeba abiria hakigusi, au anakigusa kwa woga. Katikati kuna kile kilichochimbiwa nusu, na hapo ndipo vita vinapokuwa vikali.

Toronto ni somo la karatasi. Mwaka 2007 meya David Miller alitangaza mtandao wa njia za reli nyepesi uliopewa jina la Transit City, wa kufika mitaa ya pembezoni ambako treni ya chini ya ardhi haikuwahi kufika. Makubaliano na jimbo yakafanywa, fedha zikatajwa, hata kazi za mwanzo zikaanza mahali. Desemba 2010 akaingia Rob Ford, na siku yake ya kwanza ofisini akatangaza kwamba mpango huo umekufa. Yeye alitaka treni ipite chini, isiyachukulie magari nafasi juu. Madiwani hawakukubali kirahisi: Februari 2012 walipiga kura dhidi ya meya wao na kurudisha sehemu ya reli nyepesi. Halafu 2013 baraza hilohilo likageuka tena, kwa upande wa Scarborough, mashariki mwa jiji, likachagua treni ya chini ya ardhi badala ya ile reli nyepesi lililoikubali mwaka mmoja tu kabla.

Wakati huo wote, Scarborough palikuwa na njia ya zamani ya treni iliyofunguliwa 1985, imechoka, inasubiri mrithi. Reli nyepesi ndiyo ilikuwa imepangwa kuchukua nafasi yake. Julai 24, 2023, behewa la mwisho la treni moja lilitoka kwenye reli. Watu kadhaa wakaumia. Njia ikafungwa na haikufunguliwa tena. Mrithi hakuwa tayari. Wakazi wakapandishwa mabasi. Ni rahisi kumlaumu Ford, na sehemu yake anayo, lakini mimi nawahesabia pia wale waliobadili mawazo mara mbili wakijiita wenye busara. Kila badiliko lilikuwa na hoja nzuri likitazamwa peke yake. Abiria wa Scarborough alilipa jumla yake.

Cincinnati, Marekani, ni somo la kilichochimbiwa nusu. John Cranley alichaguliwa Novemba 2013 akiipinga waziwazi tramu ambayo tayari ilikuwa inajengwa. Reli zilikuwa zimeanza kulazwa barabarani. Siku chache baada ya kuapishwa, baraza likasimamisha ujenzi. Wakaletwa wakaguzi wa hesabu, na hesabu ikawa chungu: ukijumlisha yaliyokwisha kutumika, fidia za kuvunja mikataba na fedha za serikali kuu ambazo zingebidi zirudishwe, kuacha kusingeokoa kitu cha maana kulinganisha na kumaliza. Kabla ya Krismasi baraza likapiga kura kazi iendelee. Tramu ikaanza kubeba watu Septemba 2016, meya akiwa Cranley. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mameya wengi wanaijua kanuni hii hata kama hawaisemi, na ndiyo inayowafanya wachague wanavyochagua. Enrique Peñalosa aliingia umeya wa Bogotá, Kolombia, Januari 1998 akiwa na miaka mitatu tu, na sheria haikumruhusu kugombea tena mfululizo. Mwenye miaka mitatu hajengi metro. Akachukua wazo la Curitiba, ambako msanifu majengo Jaime Lerner, meya aliyeteuliwa wakati wa utawala wa kijeshi wa Brazil, alikuwa ameanzisha mwaka 1974 mabasi ya kasi yenye njia zao katikati ya barabara. TransMilenio ikafunguliwa Desemba 2000, wiki chache kabla Peñalosa hajakabidhi ofisi. Aliyemfuata, Antanas Mockus, alikuwa mtu wa mlengo mwingine kabisa, mwanafalsafa aliyewahi kutumia waigizaji wasiosema kitu kuwaaibisha madereva wakorofi. Angeweza kuuacha mradi wa mwenzake ufe kwa njaa. Badala yake akaendeleza ujenzi wa njia mpya. Sitaki kumnyang'anya Mockus sifa ya uungwana, lakini ukweli ni kwamba alikuta vituo vimejaa watu.

Mbio hizi za kukata utepe kabla ya kukabidhi ofisi zina upande wa giza. Mstari wa 12 wa metro ya Mexico City ulizinduliwa Oktoba 30, 2012, mkuu wa jiji Marcelo Ebrard akiwa amebakiza wiki chache tu. Machi 2014, chini ya mrithi wake, vituo 11 kati ya 20 vilifungwa kwa sababu magurudumu na reli havikupatana na vilikuwa vinalana haraka. Vikafunguliwa baada ya matengenezo. Usiku wa Mei 3, 2021, sehemu ya daraja la mstari huo iliporomoka treni ikiwa juu yake. Watu 26 wakafa. Uchunguzi ulikuta vipande vya chuma vya kuunganisha boriti na zege vimechomelewa vibaya, vingine havipo kabisa. Siwezi kusema tarehe ya utepe ndiyo iliyoua. Ninachosema ni kwamba msimamizi anayejua bosi wake anaondoka Desemba anafanya kazi na saa ya ukutani ambayo mhandisi hakuipanga. Na yule anayekuja anarithi daraja ambalo hakulijenga, hana hamu ya kulijua, na bajeti ya kulikagua haimletei picha gazetini.

Kanuni yangu ina mwanya, na mwanya huo uko London. Johnson hakuigusa tozo ya msongamano ya katikati ya jiji, iliyoanza Februari 2003. Lakini eneo la nyongeza la upande wa magharibi, lililokuwa likifanya kazi tangu 2007, alilifuta, na likakoma mwanzoni mwa 2011. Kwa nini moja iliishi na nyingine ikafa, zote zikiwa zinafanya kazi? Jibu langu ni kwamba tozo haina abiria. Ina walipaji. Ukifuta njia ya basi, watu waliosimama kituoni wanapiga kelele kesho yake; ukifuta tozo, walipaji wanakushukuru, na aliyekuwa anafaidika, yule aliyekaa ndani ya basi lililokuwa linawahi kidogo, hajui hata kwamba alikuwa anafaidika. Ile ya katikati ilikuwa imeshaota mizizi na fedha zake zilishaingia kwenye hesabu za kila mwaka. Ya magharibi ilikuwa bado changa.

Sifa nazo hurithiwa kwa namna ya ajabu. Baiskeli za kukodi za London zilipangwa wakati wa Livingstone, zikaingia barabarani Julai 2010 chini ya Johnson, na watu wakazipa jina la Boris. Reli ya Crossrail, Livingstone aliipigania, sheria yake ikapita 2008 karibu miezi mitatu baada ya yeye kushindwa uchaguzi, ujenzi ukaanza na Johnson, na aliyesimama kwenye picha ya ufunguzi Mei 2022 akiwa meya ni Khan. Nadhani huu ndio urithi mzuri kuliko wote, yaani mradi mkubwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kuumiliki peke yake.

Basi tuseme meya mpya hajaua chochote. Hajafuta reli, hajabadilisha rangi ya mabasi. Je, umesalimika? Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo, kwa sababu madhara makubwa zaidi kwa abiria hayatangazwi.

Chukua njia moja ya basi ambayo kwenda na kurudi, pamoja na mapumziko ya dereva, huchukua dakika 96. Ukitaka basi kila baada ya dakika 8 unahitaji mabasi 12 na madereva wake. Ukisogeza hadi kila dakika 12, mabasi 8 yanatosha. Umeokoa theluthi moja ya gharama ya njia ile, na hakuna meya aliyewahi kuitisha waandishi wa habari kutangaza jambo hilo. Ramani haibadiliki. Namba ya basi haibadiliki. Anayebadilika ni abiria, ambaye sasa anatoka nyumbani mapema, anakosa basi la kuunganisha, na baada ya mwaka ananunua pikipiki. Kisha takwimu zinaletwa barazani kuonyesha kwamba abiria wamepungua, kwa hiyo mabasi yapunguzwe tena.

Sasa igeuze hesabu hiyohiyo. Meya achore njia ya mabasi, aisimamie kwa kamera na faini, muda wa mzunguko ushuke kutoka dakika 96 hadi 80. Mabasi yaleyale 12 sasa yanapita chini ya kila dakika 7. Hajanunua hata tairi. Ndiyo maana ule Mtaa wa 14 naupa uzito kuliko ahadi nyingi za treni, na ndiyo maana meya asiyemiliki basi hata moja anaweza kuwa bora kwa abiria kuliko anayemiliki elfu. Lakini rangi peke yake ni ya siku mbili. Njia ya basi isiyosimamiwa huwa maegesho. Meya mpya hana haja ya kuifuta; anaacha tu kuwatuma askari wa barabarani.

Karakana ndiyo nyingine. Vipuri vinavyochelewa kuagizwa, mafundi waliostaafu bila kuajiriwa wengine, basi linalotakiwa kupumzishwa likaongezewa miaka mitatu. Madhara ya uamuzi wa namna hii huonekana katika awamu ya meya anayefuata, ambaye hutukanwa kwa ajili yake. Kwa hiyo meya anapojisifu kwamba amebana matumizi ya usafiri bila huduma kushuka, mimi huuliza umri wa mabasi.

Kuna wachache waliothubutu kubadilisha mfumo wenyewe, yaani nani anaamua njia na nani anabeba hasara. Seoul ilifanya hivyo kwa siku moja. Julai 1, 2004, Lee Myung-bak akiwa meya, jiji lilipanga upya karibu njia zote za mabasi, likayapaka mabasi rangi kulingana na kazi zake, likaanzisha kadi mpya na nauli ya kuunganisha basi na treni kwa umbali, na likaanza kuzilipa kampuni binafsi kwa kilomita wanazoendesha badala ya kuziacha zigombee abiria. Siku za kwanza zilikuwa vurugu tupu: kadi ziligoma, foleni za mabasi zikajaa kwenye njia mpya, watu hawakujua wapande namba gani. Meya akaomba radhi hadharani. Miaka minne baadaye alikuwa rais wa nchi. Mameya wa vyama tofauti waliofuata wamelalamikia ruzuku inayozidi kuvimba, na wana haki, lakini mfumo hawakuuvunja. Angepanga kwenda polepole, mtaa kwa mtaa, nadhani angesimamishwa njiani.

Greater Manchester ilipita njia ndefu. Nje ya London, mabasi ya Uingereza yaliachiwa soko huria mwaka 1986. Kampuni iliendesha njia iliyoitaka kwa nauli iliyoitaka. Sheria ya 2017 iliwapa mameya wa mikoa ya majiji uwezo wa kurudisha mamlaka hayo, na Andy Burnham alichaguliwa mwaka huohuo. Akatumia miaka kwa tathmini na ukusanyaji wa maoni, akaamua rasmi Machi 2021, kampuni za mabasi zikampeleka mahakamani zikashindwa, na mabasi ya kwanza ya manjano yakatoka Septemba 2023. Kazi ilikamilika Januari 2025. Katikati hapo alichaguliwa tena mara mbili. Angeshindwa uchaguzi wa 2021, wiki sita baada ya kutia saini, sidhani kama kungekuwa na basi hata moja la manjano leo.

Kwa hiyo uchaguzi ukikaribia, swali ninalotamani mwandishi wa habari awaulize wagombea wote ni hili: kati ya miradi ya usafiri ya mtu unayetaka kumrithi, taja mmoja utakaoumaliza. Wengi wangebabaika. Wamezoea kuulizwa wataanzisha nini.

Bogotá wamelijua swali hilo kwa vizazi. Mazungumzo ya metro yao yalianza miaka ya 1940. Gustavo Petro alipokuwa meya, 2012 hadi 2015, aliandaa michoro ya metro ya chini ya ardhi. Peñalosa akarudi ofisini 2016, akaiweka kando, akaanza upya na metro ya juu kwa juu, na yeye hakurudia kosa la Petro la kuacha karatasi: mkataba ulisainiwa 2019, katika miezi yake ya mwisho. Meya aliyefuata, Claudia López, akaupokea na kuanza kujenga. Kisha Petro akawa rais wa nchi 2022 na kusukuma sehemu ya mstari irudishwe chini ya ardhi. Rais mzima, na bado mkataba uliokwisha sainiwa ulimshinda. Nguzo zinaendelea kusimama, kilomita 24 zenye vituo 16, na treni zimepangwa kuanza kubeba abiria 2028. Meya wa sasa, Carlos Fernando Galán, anamaliza muda wake mwisho wa 2027. Utepe ataukata mwingine.